Mnunuzi wa Mtoto wa Kwimba ni Nani?

Ndugu msomaji, weka pembeni kwanza ubishi wa Simba na Yanga. Tuna jambo la kuulizana.

Usiku wa Desemba 27, 2014, watu wenye mapanga walivamia nyumba moja wilayani Kwimba, Mwanza, wakamchukua mtoto wa kike wa miaka minne. Kosa lake ni ngozi tu: alizaliwa na ualbino. Hadi leo hajaonekana, wala mwili wake. Kama yu hai, sasa ni binti wa rika la sekondari.

Polisi wakakamata watu 15, ndugu zake wa damu wakiwemo, wakatangaza zawadi ya shilingi milioni 3 kwa atakayesaidia apatikane. Hapo chukua kalamu upige hesabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishasema viungo vya mtu mmoja mwenye ualbino huweza kuuzwa hadi dola 75,000. Kwa dola ya wakati ule ni kama milioni 130. Serikali inatoa 3, mnunuzi anatoa 130! Mwenye habari na njaa yake atafungua mdomo upande gani?

Na milioni 130 anazo nani? Si mkulima wa pamba wa Kwimba. Si mganga wa kibuyu na kaniki (yeye mwenyewe ada yake hulipwa kwa kuku). Hiyo ni fedha ya kigogo anayesaka utajiri au cheo. Kumbuka 2015 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kuwa kampeni zinaweza kuzidisha mashambulizi.

Serikali ikafanya nini? Januari 2015 ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Kufika Machi waganga zaidi ya 200 wamekamatwa, picha magazetini, makofi. Lakini Februari, marufuku ikiwa bado ya moto, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa mkoani Geita, akakutwa maiti, amekatwa viungo. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Muleba, Kagera: mtoto wa miaka miwili na nusu.

Wewe kijana wa kijiweni, usidhani haya ni ya washamba wa huko. Anayetumwa kushika panga ni mlalahoi kama wewe, kwa ahadi ya fedha ambayo pengine hataiona. Wapo waliohukumiwa kunyongwa kwa mauaji haya. Je, aliyeagiza mzigo umewahi kusikia amepanda kizimbani?

Februari 5, 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapahapa Arusha, iliamua kuwa Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino. Kwa hiyo si maneno ya wapinzani tena.

Tunamuuliza Inspekta Jenerali wa Polisi, na tunataka jibu la maandishi: jalada la mtoto wa Kwimba liko meza ya nani, na ndani yake limo jina la mnunuzi au halimo?