Kwa mama ntilie tunafoka, kwenye kiyoyozi tunanywea

Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini mlaji wa Dar es Salaam, hasa huyu aliyesoma, ana midomo miwili?

Mdomo wa kwanza ni wa mchana, kwa mama ntilie. Hapo yeye ni hakimu. Wali una mawe! Maharage hayana nazi! Mama, mbona mchuzi kiduchu? Huyu samaki wa jana! Na mama anasikiliza, maana akinuna, kesho benchi lake liko tupu. Hata jina kapewa na walaji wenyewe: "mama, nitilie". Jina lake la kazi ni amri ya mteja.

Mdomo wa pili ni wa jioni, kule Masaki, Oysterbay au kwenye ghorofa za Posta. Hapo hakimu anageuka bubu. Anaagiza kwa kunyooshea kidole menyu asiyoielewa. Chakula kinafika baada ya saa nzima, kuku kakauka kama kuni. Bili ikija anakuta VAT ya asilimia 18 imepachikwa juu ya bei aliyoisoma. Mhudumu akimuuliza chakula kilikuwaje, anajibu nini? "Safi sana!" Picha ya sahani alishaipiga zamani, kabla hata ya kuonja.

Msinielewe vibaya. Sisemi migahawa ya bei kubwa haifai. Mji huu una bahati ya vyungu vingi: vya Kihindi kule Kisutu na Upanga, vya Kichina, vya Kiethiopia, biriani za Kariakoo, samaki wa kukaanga pale Feri, na chipsi mayai kila kona. Ugomvi wangu ni na ndimi za walaji.

Wapo watakaosema huo ukimya ni adabu. Adabu gani hiyo inayoanzia kwenye kitambaa cha meza? Ule ni woga wa kuonekana mshamba. Mtu anaona afadhali alipie chakula kibovu kuliko kushukiwa kwamba hakijui. Matokeo yake mpishi mbovu wa bei kubwa haambiwi na mtu, anaendelea kuharibu, na wapishi wazuri wa jirani yake hawapati faida ya uzuri wao.

Tungeishia hapo ningenyamaza. Lakini angalieni maoni yetu yanapohitajika kweli. Kipindupindu kilipozuka Dar Agosti 2015, wauza chakula wa barabarani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Sawa, uchafu ni uchafu. Ila kipindupindu kinaenezwa na maji na chakula chenye kinyesi, na mama ntilie hajengi mitaro wala havuti bomba la mji. Mwishoni mwa 2018 serikali ikaanza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Wakalipa. Oktoba 2021 wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara, na mabanda ya chakula nayo yakaenda. Wale mahakimu wa mchuzi walikuwa wapi? Walihamia banda lililobaki, wakaendelea kudai kachumbari.

Ninachodai ni mdomo mmoja tu. Kule kwenye kiyoyozi, rudisha sahani isiyofaa. Uliza bei kamili kabla ya kuagiza, dai risiti. Hela ni yako. Kwa mama ntilie, usiache kusema. Mwambie maji ya kunawa yatiririke, yasiwe ya beseni moja la watu ishirini. Lakini ukimaliza kumwambia yeye, igeukie halmashauri inayomtoza ushuru. Bomba liko wapi? Choo kiko wapi? Na sehemu ambayo hatafukuzwa mwakani iko wapi?

Wengi wetu tulimaliza chuo kwa sababu bumu lilipochelewa kuna mwanamke aliyetuandika kwenye daftari na kutupakulia hivyo hivyo. Hakuuliza dhamana. Leo tuna ofisi, tuna kalamu, tunajua mlango wa diwani ulipo. Kama tunaweza kumfokea kwa ajili ya chumvi, tunashindwa nini kufoka kwa ajili yake?