Jenereta, waya wa meno pande mbili na roho ya fundi wa Tanesco

Wadau, umeme ukikatika pale Sakina au Kwa Mrombo, haziishi dakika mbili jenereta zinanguruma mtaa mzima. Fresh tu, biashara lazima iende. Swali ni je, imeunganishwaje na nyumba?

Wengi wanatumia ule waya wenye plagi ya meno kila ncha. Moja kwenye jenereta, nyingine soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Sasa ncha ya ukutani ikichomoka, meno yako wazi na volti 230. Boti kubwa zikifunga gatini nazo huvuta umeme wa nchi kavu kwa waya, ila upande unaotoa umeme siku zote ni matundu. Meno yanakaa upande unaopokea.

Hilo ni la ndani kwako. La nje ndo kubeba. Usipozima swichi kuu, umeme wako unatoka kupitia mita ya LUKU mpaka kwenye nguzo. Transfoma haijui nani kaleta umeme: ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa 400, ukiilisha kwa nyuma inapandisha. Kijana wa Tanesco yuko juu, anajua laini imezimwa! Kweli, wana utaratibu wa kupima laini na kuiunganisha na ardhi kabla ya kushika. Lakini kwa nini uhai wake utegemee kama wewe umekumbuka kuzima?

Kuna watakaosema mgao wa 2006 na 2011 umepita, Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 lilishaanza kuzalisha Februari 2024. Sawa, ila Aprili 1, 2024 gridi nzima ilizima. Na huku chini ya Meru, mti ukiangukia waya hata bwawa halisaidii. Tena hapo ndo mafundi wanapanda nguzo, na waya uliokatika umelala kwenye migomba.

Dawa ipo, swichi ya chenjiova: ama Tanesco ama jenereta, haikubali vyote viwili. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, sio mshkaji wa mtaani mwenye testa.

Tatizo ni nani analipa. Mpangaji anasema nyumba si yake, mwenye nyumba anasema jenereta si yake. Wenye nyumba mliomo humu, mnasemaje?