Nyumba na Jamii: Siku Mbili Nje ya Kambi, Jinja na Mbale



Juma hili ukurasa wetu unaweka kando upishi na ushonaji. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo katika familia nyingi za askari huhesabiwa kuwa anasa ya matajiri, nalo ni mume na mke kuondoka nyumbani kwa siku mbili wakiwa wamevaa vizuri, wakalala mahali safi, wakala chakula ambacho hakuna mmoja wao aliyekipika, kisha wakarudi bila deni.

Katika nchi za Ulaya desturi hiyo ni ya kawaida. Mtu mwenye mshahara wa kiasi hujiwekea fedha kidogo kidogo, kisha huenda na mkewe kumaliza juma katika mji kama Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Raha yao haimo katika kununua vitu vya thamani. Hutembea kwa miguu katika barabara ya Strøget, iliyofungwa kwa magari tangu mwaka 1962, wakatazama majumba ya kale, na wakichoka huketi mahali wakanywa kahawa. Ukilipima jambo hilo kwa makini utaona kuwa mambo hayo yote tunayo hapa kwetu mashariki ya Uganda. Barabara pana na majumba ya kale yako Jinja. Kahawa, tena ile iliyo bora, iko Mbale. Safari hii haidai pasipoti wala ndege. Inadai mpango.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Maisha ya askari si kama ya karani. Tangu mwezi Machi 2007, Uganda ilipoanza kupeleka majeshi Somalia, familia nyingi zimezoea baba, na pengine mama, kuwa mbali kwa mwaka mzima au zaidi. Polisi naye huhamishwa kutoka wilaya hii hadi ile, na mara nyingi familia hubaki nyuma kwa ajili ya shule za watoto. Wakati huo wote nyumba haikai ikingoja. Hujifunza kuendeshwa na mtu mmoja. Mke huamua juu ya karo, huamua juu ya shamba, huamua mgonjwa apelekwe hospitali gani. Mume anaporudi, watoto huendelea kumwomba mama ruhusa hata kama baba ameketi mbele yao. Mume huona kama kwamba amevuliwa cheo. Mke huona kama kwamba anataka kunyang'anywa kazi aliyoifanya vizuri. Hakuna mwenye kosa, lakini wote wawili wameumia.

Mambo kama hayo hayasemeki kwa urahisi katika nyumba ya kambini, ambako ukuta ni mmoja na jirani husikia hata kikombe kikianguka. Kwa hiyo aghalabu hayasemwi, au husemwa usiku wa manane kwa hasira. Hapo ndipo mume hukimbilia kilabuni kwa wenzake, na fedha alizozipata kwa jasho na hatari zikaanza kumwagika kimya kimya. Siku mbili za matembezi haziponyi kila jeraha, na mtu anayeamshwa usiku na ndoto za vita hana budi kumwona daktari. Lakini siku hizo huwapa watu wawili nafasi ya kuongea pasipo mashahidi, na hilo si jambo dogo.

Mpango ni nusu ya raha

Kwanza, tarehe. Ruhusa ipatikane kwa maandishi kabla ya kulipia chumba, wala si baada yake. Wakubwa wako wajue uko wapi na utapatikana kwa simu gani. Sare na silaha zibaki mahali pake. Anayekwenda kupumzika huenda kama raia mwema. Tena tazameni kalenda. Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kama vile 2024 na 2026, Wagisu hufanya sherehe za tohara ziitwazo imbalu, nazo hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Anayependa ngoma na umati asikose wakati huo, bali ajue kwamba vyumba huwa haba. Anayetafuta utulivu achague mwezi mwingine.

Pili, fedha. Msikope kwa ajili ya matembezi. Vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo cha wanajeshi na Exodus cha polisi, ni vya kujengea nyumba na kusomeshea watoto. Mkopo wa starehe hulipwa starehe ikiwa imekwisha kusahauliwa. Wekeni bahasha. Tuseme mnaweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miezi 8. Mtakuwa na shilingi 400,000. Zigawanyeni mngali nyumbani: 100,000 za nauli, 120,000 za malazi ya usiku mara mbili, 100,000 za chakula, 40,000 za mashua na viingilio, na 40,000 za dharura ambazo hazitaguswa ila kwa dharura. Huu ni mfano wa hesabu tu. Ulizeni bei kwa simu kwanza, kisha mpange upya. Ikiwa bahasha haitoshi, punguzeni usiku mmoja, msiongeze deni.

Tatu, uamuzi. Hapa ndipo wengi hukosea. Mume aliyezoea kutoa amri hupanga safari yote kama doria, na mkewe hufuata nyuma kama kuruta. Twashauri siku ya kwanza ichaguliwe na mmoja na siku ya pili na mwenziwe, na asiyechagua asinung'unike. Mke aliyeendesha nyumba peke yake kwa mwaka mzima hashindwi kuendesha siku moja ya matembezi.

Nne, watoto. Waachwe kwa shangazi au jirani mwaminifu, pamoja na chakula, dawa, na fedha kidogo. Wala msitangaze kambi nzima kwamba nyumba itakuwa tupu.

Uende wapi?

Jibu letu ni rahisi. Wanaoishi Jinja, katika kambi ya Gaddafi au kule Kimaka, na waende Mbale. Wanaoishi Mbale, kama wale wa kambi ya Bugema, na waje Jinja. Mtu hapumziki mahali ambapo kila mpita njia humsimamisha na kumwita afande. Kati ya miji hiyo miwili, kwa njia ya Iganga, Namutumba, Tirinyi na Kamonkoli, pana kilometa zipatazo 145, na barabara hiyo hupita katika bonde la mto Mpologoma, ambako macho hupata raha ya kutazama mpunga na mafunjo. Ondokeni asubuhi. Safari ya usiku huokoa saa chache na huhatarisha maisha.

Jinja kwa mwendo wa pole

Mkifika Jinja, wekeni mizigo, ogeni, kisha mtembee katika Barabara Kuu jioni jua linapopungua ukali. Inueni macho juu ya maduka. Majumba mengi yalijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na baadhi yake yana majina na miaka iliyoandikwa juu kabisa ya ukuta wa mbele. Mwaka 1972 watu hao walipewa siku 90 waondoke nchini. Miaka mingi baadaye baadhi yao walirejea. Kwa hiyo kila ukuta una habari yake ya kuondoka na kurudi, habari ambayo familia ya askari yaweza kuielewa kuliko wengine.

Kesho yake nendeni kwenye chanzo cha Naili. Ni mahali hapa ambapo Mwingereza John Hanning Speke alifika tarehe 28 Julai 1862 na kuyaona maporomoko aliyoyaita Ripon. Maporomoko yenyewe hamtayaona, kwa maana yalizama bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Lakini maji yapo, nayo kutoka hapo husafiri mpaka bahari ya Mediterania. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika maji hayo, na sanamu yake ipo hapo.

Mkipanda mashua, patana bei kabla ya kuweka mguu ndani, na kila mmoja avae koti la kuokolea, hata kama linaharibu mavazi. Mwezi Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha yao. Walikuwa wamekwenda kustarehe kama ninyi. Mashua iliyojaa iacheni iende, nyingine itakuja.

Chakula cha mchana na kiwe samaki wa ziwani, ngege au sangara, aliyekaangwa mzima. Wakati wa jioni daraja jipya la Naili, lililofunguliwa Oktoba 2018 na lenye urefu wa mita 525, hupendeza kwa taa zake. Litazameni kwa mbali. Daraja na bwawa la umeme si mahali pa kusimama na kupiga picha, na askari ndiye anayepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mbale chini ya mlima

Mbale ni mji wa hewa safi, ulioegemea mlima. Ukisimama mjini unaliona genge la Wanale, na wakati wa mvua maji hushuka juu yake kama nyuzi nyeupe. Nyuma yake uko mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, na kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Mji ulikua katika siku za Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne iliyopita. Bwana huyo ndiye aliyeanzisha mwaka 1919 jumuia ya Abayudaya, wafuasi wa dini ya Kiyahudi, ambao mpaka leo wana hekalu lao katika kilima cha Nabugoye. Anayetaka kuwatembelea aombe ruhusa kwanza, kama ifaavyo katika kila nyumba ya ibada.

Hapa kinyweni kahawa. Kahawa ya Bugisu ni arabika inayolimwa katika miteremko ya mlima, na chama cha ushirika cha wakulima wake kilianzishwa mwaka 1954. Tusione haya kusema kwamba wengi wetu tumeishi kando ya kahawa hiyo miaka yote bila kuionja ikiwa imetengenezwa vizuri. Kwa chakula ombeni malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa kwa karanga zilizosagwa. Ni chakula cha heshima kwa Wagisu, na mgeni akikisifu hupata rafiki.

Siku ya pili ni ya Sipi, mwendo wa kilometa zipatazo 50 kutoka Mbale katika njia ya Kapchorwa, nchi ya Wasabiny. Maporomoko yako matatu, na lile refu lashuka karibu mita 100. Chukueni kijana wa hapo awaongoze, mkipatana malipo mapema, maana njia huteleza. Msichague wakati wa mvua kubwa. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku mmoja katika Mbale na watu zaidi ya 20 wakafariki. Mlima ule ule unaotupa kahawa hutaka heshima.

Mavazi na mwenendo

Umaridadi si wingi wa nguo. Mume na awe na suruali mbili zilizopigwa pasi, mashati mawili na viatu vilivyong'aa. Katika jambo hilo askari hana haja ya mwalimu. Mke achukue gauni la kitenge la jioni, gomesi kama kuna ibada au ziara kwa wakubwa, na sweta, kwa kuwa usiku wa Sipi una baridi. Wote wawili wawe na viatu vya kutembelea. Simu ya kazi iachwe wazi, kwa maana wajibu ni wajibu. Lakini simu za marafiki wa kilabuni zaweza kungoja mpaka Jumatatu. Pombe, kwa anywaye, iwe ya chupa moja mezani pamoja na mwenziwe.

Na yale maneno mazito? Msiyaanze usiku wa kwanza mkiwa mmechoka. Yaanzeni mkitembea, mkiwa bega kwa bega, kwa sababu ni rahisi kusema jambo gumu ukiwa unatazama mto kuliko ukiwa unatazamana na mtu usoni. Mume na aulize, "Nilipokuwa mbali, ni jambo gani lililokulemea?" kisha anyamaze asikilize mpaka mwisho. Mke naye aulize hivyo hivyo. Mkirudi, amueni pamoja ni mambo gani ya nyumba yatabaki mikononi mwa mama na yapi baba atayachukua, na watoto waambiwe na wote wawili kwa kauli moja.

Siku inayofuata, kabla mizigo haijafunguliwa yote, andikeni katika daftari kila shilingi iliyotumika. Kisha mtie noti ya kwanza katika bahasha mpya. Akiba haiozi.