Piranha Nyumbani: Chujio Lipi Litafaa?



Swali la mwezi huu limetoka kwa mzazi mmoja wa hapa Columbia Heights. Kijana wake, aliye darasa la tisa, amedunduliza fedha za kibarua cha kiangazi, na sasa anataka kununua piranha wanne. Mama haogopi meno ya samaki hao. Anachoogopa ni gharama, harufu, na maji kuwamwagikia wapangaji wa chini. Anauliza: je, lile chujio la bei nafuu linaloning'inizwa nyuma ya tangi halitoshi? Swali lake ni zuri, kwani katika ufugaji wa samaki nyumbani fedha nyingi hupotelea penye chujio, na roho za samaki vilevile.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Piranha ni samaki wa mito ya Amerika ya Kusini. Sifa ya ukali wake ilienea sana baada ya Theodore Roosevelt, aliyepata kuwa Rais wa Marekani, kuchapisha mwaka 1914 kitabu cha safari yake ya Brazili. Ni Roosevelt yuleyule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kuwinda Afrika ya Mashariki, na wanyama aliowaua wakaletwa katika makumbusho ya Smithsonian hapa Washington. Kwa hakika piranha mwenye tumbo jekundu, ambaye ndiye auzwaye zaidi madukani, ni samaki mwenye hofu. Mtu akipita hujibanza pembeni. Lakini kuna mambo mawili ambayo mwuza duka hayataji kwa urahisi. La kwanza, yule mdogo aliye sawa na sarafu hukua akafikia sentimita 25 au hata 30. La pili, hula kwa kurarua, na vipande vya chakula husambaa kila upande na kuozea chini ya changarawe.

Hapo ndipo chujio linapoingia. Watu wengi hudhani kazi yake ni kunasa taka zionekanazo, kama kitambaa kinachochuja tui. Hiyo ni nusu tu ya kazi, tena nusu iliyo ndogo. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua na kinyesi, na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia hiyo. Maji huweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa sumu. Wanaookoa maisha ya samaki ni bakteria waishio ndani ya chujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, nasi huipunguza kwa kubadilisha maji. Mkulima yeyote anayaelewa haya. Samadi mbichi huunguza mche wa mahindi, bali ikikaa na kuiva humstawisha. Bakteria wa namna hiyohiyo ndio wafanyao kazi udongoni. Kwa hiyo kununua chujio ni kuwanunulia bakteria nyumba, na kuwapatia maji yenye oksijeni yanayopita bila kukoma.

Nyumba hiyo haijai wakazi siku moja. Tangi jipya huhitaji aghalabu majuma manne hadi sita kabla bakteria hawajatosha. Kijana awe na subira: atie chanzo kidogo cha amonia, apime maji kwa vipimo vya dukani, na asilete samaki hata mmoja mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri. Akipata sifongo lililokwisha kutumika katika tangi la rafiki lenye samaki wazima, muda huo utapungua sana.

Sasa tuyatazame maji yetu ya bomba. Maji ya Wilaya ya Columbia hutoka mto Potomac, husafishwa na Washington Aqueduct, na kusambazwa na DC Water. Tangu Novemba 2000 yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia. Wakazi wa zamani watakumbuka kwamba mabadiliko hayo yalifuatwa na maafa ya risasi kutoka kwenye mabomba, yaliyotangazwa magazetini Januari 2004, hata ikabidi kuongezwa dawa ya kuzuia kutu mwaka huohuo. Kwa mfugaji wa samaki, kloramini ina jambo lake. Klorini ya kawaida huondoka maji yakiachwa wazi kwenye ndoo usiku kucha, lakini kloramini haiondoki hivyo. Inahitaji dawa ya kuivunja, na ikivunjika huacha amonia, ambayo ni lazima ishikwe na dawa hiyohiyo au ishughulikiwe na bakteria wa chujio. Kila mwaka, katika majira ya kuchipua, hurudishwa klorini tupu kwa majuma kadhaa ili kusafisha mabomba. Tusibahatishe, tutie dawa kila tunapobadilisha maji, mwaka mzima.

Baada ya hayo tunaweza kuchagua. Madukani kuna aina tano.

Chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa ni rahisi na bakteria hulipenda, lakini kwa piranha wakubwa ni dhaifu, tena huweza kutafunwa.

Chujio la chini ya changarawe halifai kabisa kwa walaji wachafu, kwa kuwa huziba, na kulisafisha ni kulivunja tangi zima.

Chujio la kuning'iniza nyuma, alilouliza mama, ni zuri na rahisi kufikiwa na mkono. Ila lina mtego: mengi huja na kifuko chenye mkaa ambacho kijitabu hukuagiza ukitupe kila mwezi. Ukikitupa umewatupa na bakteria. Jaza humo sifongo na pete za kauri, uziache zidumu miaka.

Chujio la mkebe ni debe lililofungwa lisimamalo chini ya tangi, likivuta maji kwa mpira na kuyarudisha. Hubeba sifongo na kauri nyingi, halina kelele, na piranha hawalifikii. Ubaya wake ni bei na uvivu unaotupata wa kulifungua.

Mwisho ni tangi la pili lililowekwa chini ya lile la samaki. Hilo ndilo bora kwa uwezo, lakini linahitaji ufundi, na likikosewa umeme ukikatika maji hufurika sakafuni. Kwa mpangaji wa ghorofa ya juu, sitalishauri.

Tuhesabu kidogo. Kwa piranha wanne watakaokua, tangi la galoni 75, yaani lita 284 hivi, ni mwanzo wa heshima. Kwa samaki wa kawaida wafugaji hupitisha maji yote kwenye chujio mara nne hadi sita kwa saa. Kwa piranha wengi hutaka mara nane hadi kumi. Mara nane ni galoni 600 kwa saa. Lakini kiasi kilichoandikwa kwenye kasha mara nyingi hupimwa chujio likiwa tupu. Likijazwa sifongo mwendo hupungua. Kwa hiyo tusinunue kwa kubana mno.

Ushauri wangu kwa mama ni huu: wanunue vyujio viwili vya kiasi badala ya kimoja kikubwa. Mkebe mmoja na kimoja cha kuning'iniza vitafaa. Kimoja kikiharibika usiku wa Jumamosi, kingine kitawafikisha Jumatatu. Na vioshwe kwa zamu, si siku moja.

Katika kuosha ndiko kijana mmoja wa mtaa wetu alikoumia. Alikuwa mtoto msafi, akalitoa sifongo, akalikamua chini ya bomba la jikoni mpaka likawa jeupe. Baada ya siku tatu samaki wake wote walikuwa juu ya maji wakihema. Juma halikwisha wakawa wamekufa. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ileile inayotulinda sisi na vijidudu vya maradhi iliwaua bakteria wake. Sifongo lioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, likamuliwe kidogo, lirudishwe likiwa bado na rangi ya udongo. Kila juma ibadilishwe robo ya maji, na mabaki ya chakula yaondolewe kabla ya nusu saa kupita. Chakula kiwe samaki na kamba; nyama ya ng'ombe ina mafuta yanayochafua maji.

Umeme nao una hila zake. Tufani ya tarehe 29 Juni 2012 iliziacha nyumba nyingi za eneo hili bila umeme kwa siku kadhaa. Mkebe uliofungwa ukisimama kwa saa nyingi, bakteria hukosa oksijeni na kufa, na maji yaliyomo huoza. Umeme ukirudi usiuwashe hivihivi. Ufungue, umwage, usuuze kwa maji ya tangi, kisha uwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri haigharimu sana. Kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likitiririka lianguke sakafuni. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa vyote.

Uzito usisahauliwe. Maji pekee ni kilo 284. Pamoja na kioo, changarawe na meza, yanakaribia kilo 400. Nyumba zetu za safu ni kongwe. Tangi likae kando ya ukuta, likikingama na boriti za sakafu, na mwenye nyumba aulizwe kwanza, kwa maandishi.

Yuko pia serikali. Virginia hairuhusu kufuga piranha bila kibali, na familia kadhaa zetu huhamia huko kodi ya hapa inapozidi. Afadhali kijana alijue hilo sasa kuliko siku ya kupakia gari. Akihitaji ushauri au vifaa vilivyokwisha kutumika, kipo chama cha wafugaji wa eneo hili, Potomac Valley Aquarium Society. Na asipoweza kuendelea, awarudishe samaki dukani, kamwe asiwamwage Rock Creek. Sisi tuliotoka kandokando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kufundishwa: sangara alipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Hapa Maryland mwaka 2002 alionekana samaki wa Asia aitwaye snakehead katika bwawa moja la Crofton, na mwaka 2004 alikuwa ameshaonekana Potomac. Yupo hadi leo.

Mama, usimkatalie mwanao. Mpeleke kwanza, bila malipo ya kiingilio, kwenye jengo la Amazonia lililofunguliwa mwaka 1992 katika bustani ya wanyama ya Taifa. Ukishuka Harvard Street unafika kwa miguu. Akaone samaki wakubwa wa Amazon, kisha amwulize mhudumu maji yale husafishwa vipi. Halafu mpe kazi ya majuma sita: tangi lenye maji, chujio likizunguka, na daftari la vipimo vya kila siku, bila samaki. Akilijaza daftari hilo pasipo kukumbushwa, amestahili piranha wake. Akilichoka mapema, mtakuwa mmeokoa fedha, na samaki wanne watakuwa wamesalimika.

Wasalaam, hadi mwezi ujao.