Cheo Kisiwe na Mkia

Sisi wa Nyakabanda tunaishi na lugha nne, na hapo ndipo tafsiri zetu huharibika. Zamani Kiingereza kilimwita mwanamke aliyewaonyesha watazamaji viti kwa tochi kwenye sinema "usherette". Mwanamume aliitwa "usher" tu. Mkia ule "-ette" ulitoka Kifaransa, nao hudokeza udogo, kama katika "cigarette".

Wenzangu hutafsiri "mwelekezaji wa kike". Napinga. Kinyarwanda chetu kina "-kazi": umwarimu, umwarimukazi. Lakini ngeli ya A-WA katika Kiswahili haiulizi jinsia: mwalimu, mwigizaji, mwelekezaji. Kwa nini tukibebeshe mzigo usio wake?

Mtasema "wa kike" humfanya mwanamke aonekane. Mbona basi hatuandiki "mwelekezaji wa kiume"? Anayeongezewa neno ndiye anayehesabiwa mgeni kazini. Jinsia ikihitajika, sentensi itaitaja. Cheo kiachwe kizima.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Istilahi tunazozoea darasani leo ndizo zitakazoandikwa kwenye mikataba ya kazi kesho. Wahadhiri wetu, mkisahihisha tafsiri zetu, ukateni mkia huo.