SHAURI LA JUMA: Mteja wa Kudumu Hutoka Wapi?

Katika miji yetu wako watu wengi wenye kazi ya mshahara, na juu yake wana elimu ambayo kazi hiyo haiitumii yote. Aliyesomea ufugaji hufundisha hesabu asubuhi. Aliyesomea kilimo huandika barua ofisini. Jioni na Jumamosi wangeweza kuwauzia jirani zao shauri jema. Wengi hujaribu. Mwezi wa kwanza huitwa mahali patatu, mwezi wa pili hawaitwi popote, na ada ya shule ya watoto hubaki ikingoja. Basi leo tuulize: mteja wa kudumu hutoka wapi?

Hatoki katika mbio nyingi. Hutoka katika kazi ambayo kwa asili yake hurudi. Anayengoja kuitwa kuku wanapokufa hulipwa mara moja, na mara nyingi hufika amechelewa. Lakini anayejua maisha ya kuku tangu kifaranga ana sababu ya kurudi asiyohitaji kuitunga.

Tutazame kuku wa mayai. Kifaranga huhitaji joto na uangalizi katika majuma ya kwanza. Chanjo ya ugonjwa wa Newcastle huanza mapema na yapasa kurudiwa. Kuku huanza kutaga karibu na juma la 18 hadi la 20, na huendelea kutaga vema mwaka mmoja na zaidi. Kundi moja, basi, ni kazi ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mshauri asiuze “kuja kutazama”. Auze safari hiyo nzima: matembezi mawili kila mwezi, kwa bei iliyoandikwa, na kila upande uwe na ruhusa ya kuacha kwa taarifa ya mwezi mmoja.

Aanzie wapi? Kwa muuza vifaranga. Anayenunua vifaranga leo atakuwa na maswali kesho. Mwombe muuzaji akujulishe kwa wanunuzi wake. Lakini usipokee kwa siri fungu la bei ya chakula anachowauzia wateja wako. Siku watakapojua, kila shauri ulilolitoa litaonekana kuwa hila ya kuuza mifuko.

Ukisha kupokelewa, mpe mteja hesabu, si maneno. Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 200, basi, hula kilo 22 hadi 24, na mfuko wa kilo 50 huisha kwa siku mbili hivi. Mfundishe mteja kuandika kila jioni mambo matatu: chakula kilicholiwa, mayai yaliyookotwa, kuku waliokufa. Mayai yakishuka ghafula kutoka 160 hadi 130, daftari litasema kabla ya vifo kuanza. Utazame maji kwanza, kisha chakula na mwanga, kisha ugonjwa. Na jambo likizidi elimu yako, mwite mganga wa mifugo bila haya. Mteja hamwachi mshauri anayejua mpaka wake.

Tena, uwakusanye wateja wa mtaa mmoja. Chupa ya chanjo mara nyingi hutosha kuku 500 au 1000. Yafaa ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikisha kuchanganywa na maji sharti itumike kwa muda wa saa mbili hivi. Mwenye kuku 200 peke yake humwaga sehemu kubwa ya alichokilipia. Jirani wanne wenye kuku wa umri mmoja waweza kununua chupa moja, kila mtu akachukua fungu lake katika chombo safi, kwa maji yasiyo na dawa ya bomba, akawanywesha kuku wake mwenyewe. Anayepanga siku hiyo huwa mtu wa lazima katika mtaa wake.

Sasa neno zito kuliko yote. Ugonjwa wa Newcastle husafiri pamoja na mavi na matope yaliyoshika viatu. Mshauri anayetoka kwa kuku wagonjwa na kuingia moja kwa moja kwa wazima aweza kuwapelekea kifo, naye akalipwa kwa kukileta. Kila banda, basi, liwe na viatu vyake. Anza siku kwa vifaranga, umalizie kwa kuku wakubwa. Ukikuta ugonjwa, matembezi ya siku hiyo yamekwisha: uwaarifu wengine kwa simu, ukawaambie sababu. Utapoteza malipo ya siku moja. Lakini jamaa iliyoweka akiba yake yote katika kuku 200 haitapotezwa na wewe.

Mwisho, upime nguvu zako. Ukiweza nyumba 4 kila Jumamosi, ni matembezi 16 kwa mwezi, yaani wateja 8, wala si zaidi. Wa tisa umpeleke kwa mwenzako. Usome pia mkataba wa kazi yako ya mshahara, maana mingine hukataza kazi ya pili. Na saa za bwana wako zibaki zake.

Mteja wa kudumu hafungwi kwa maneno matamu. Ni yule ambaye, kundi likiisha, afungua daftari lake na kuona kwamba mayai yamelipa chakula, yamelipa chanjo, yamelipa na shauri. Huyo atakuita kabla ya vifaranga vipya kufika. Asiyeona hivyo, usimshike kwa nguvu: kaa naye, mlisome daftari pamoja, mjue ni wapi faida ilipopotea.