Jirani Hakuonyeshi Deni Lake

Katika ghorofa za Huruma, hakuna anayenunua kitu kikubwa kwa siri. Runinga ya inchi 43 hupandishwa ngazi begani, katoni ikikwaruza kuta, na kila mlango inakopita watu wanachungulia. Jioni haifiki kabla mtoto wa chumba cha pili hajauliza, "Mama, yetu tutanunua lini?"

Deni halipandi ngazi. Limo kwenye simu, katika ujumbe unaosomwa na mwenyewe peke yake. Basi tunajipima na majirani kwa walichonacho, wanachodaiwa hatukioni, kisha tunakopa ili tuwafikie.

Ugonjwa huu uko kwingine pia. Nchini Kanada, watafiti waliwachunguza majirani wa washindi wa bahati nasibu. Kadiri zawadi ilivyokuwa kubwa, ndivyo majirani wa karibu walivyozidi kufilisika, na waliofilisika walikutwa na mali nyingi zaidi ya aina inayoonekana kwa macho, kama magari.

Hapa kwetu mkopo uko kiganjani. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Fuliza ikafuata 2019, na yenyewe hujikatia chake mara tu pesa inapoingia kwenye simu. Asilimia 7.5 haitishi mtu. Lakini anayekopa 10,000 na kukopa tena kila mwezi ili alipe deni la mwezi uliopita, kwa mwaka atakuwa ametoa 9,000 za ada, na zile 10,000 bado anadaiwa.

Hatusemi watu wasikope. Mkopo wa kuongeza mboga kibandani hujilipa wenyewe. Mkopo wa kuficha aibu mbele ya majirani haulipwi na chochote ila mlo wa watoto na kodi ya nyumba. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Dawa tunayo. Kwenye chama, anayedaiwa hutajwa mbele ya wenzake na hakuna anayekufa kwa hilo. Vyama vya Huruma vipige hatua moja zaidi: mwanachama anayeomba mkopo aeleze kwanza anadaiwa kiasi gani kwenye simu, na viongozi watangulie kwa kueleza madeni yao. Tukishajua madeni ya wenzetu, hamu ya kushindana nao itapungua. Mkutano ujao ndio wa kuanzia.